Dieża ya Eufemia

Leokadia Wierciuch alipanga kadi kwa miaka ishirini na sita katika ofisi ya kamusi mjini Kraków. Kila kadi ilibeba neno, kijiji na jina la aliyelisema. Kutokana na kadi hizo wataalamu waliunda upya maneno ya Waslavoni wa kale, ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika, na mbele ya kila neno wakachora nyota ndogo. Leokadia hakuwa mtaalamu, lakini macho yake hayakupitwa na kitu.

Mwaka 1974 ilifika zamu ya děža, pipa la mbao la kukandia unga wa mkate, ambalo vijijini huitwa dieża. Mkuu wa ofisi alishikilia kwamba shina la neno hilo ni la zamani kuliko mkate wenyewe, na kwamba lilianza kwa watu waliokanda udongo wakajenga kuta. Akatafuta kijiji kimoja tu ambako udongo bado ulikandwa ndani ya dieża. Watu wake walizunguka vijiji mia mbili, wakarudi mikono mitupu.

Leokadia alikuwa na jibu, akanyamaza. Kwao Podlasie, mashariki mwa Poland, dieża haioshwi wala haiazimwi, na bibi harusi hukalishwa juu yake. Kuitia udongo ni aibu ya kuhamisha mtu kijiji. Lakini katika baridi ya mwaka 1943 baba yake Konstanty, fundi wa majiko, hakuwa na chombo kingine, akakandia udongo katika dieża ya harusi ya mkewe, na familia ikala. Mama yake, Eufemia, aliwatangazia majirani kwamba dieża imeungua pamoja na ghala. Tangu hapo alikandia mkate wake kwenye karai la bati, akijifanya hajali.

Jumapili moja Leokadia alikwenda kumtembelea akiwa na kurasa za kamusi za kusahihisha. Mama yake alikuwa anamenya viazi.

“Hebu soma, nisikie wasomi wako wanasemaje juu ya dieża.”

Leokadia alisoma, akafika mwisho: “Matumizi ya kukandia udongo hayakupatikana popote.”

Kisu kikasimama.

“Popote?”

“Ndivyo walivyoandika, mama.”

“Kwa hiyo baba yako alikuwa anakanda hewa! Majiko kumi na moja baridi ile, wewe ukashiba, leo mabwana wa Kraków wananiambia hayakupatikana!”

“Si wewe uliyesema iliungua?”

“Niliwaambia majirani. Kamusi sikuiambia kitu. Toa kadi yako.”

“Kadi inaandikwa jina. Hata Genowefa wa hapo jirani anaweza kuisoma.”

“Genowefa! Tangu lini akasoma kitu zaidi ya lebo ya chupa?” Alicheka, akaweka kisu chini. “Andika Konstanty.”

“Marehemu haandikwi. Anaandikwa anayesema.”

Eufemia alifuta mikono kwa aproni. Kisha akapanda ngazi ya dari, na umri ule wa miaka sabini na minane, akakataa kushikwa. Aliteremka na dieża yenyewe, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa juzijuzi tu. Miaka thelathini na moja Leokadia alikuwa ameamini kwamba baba yake aliichoma ili kuficha aibu.

Mama aliondoa kitambaa. Katika nyufa za mbao udongo mkavu ulikuwa umeshikana na unga wa zamani. Karibu na ukingo palikuwa na alama ya dole gumba, pana, la mwanamume.

“Sikuiosha,” alisema Eufemia. “Dieża haioshwi.”

Leokadia alitoa kadi tupu. Akachukua kalamu, akaandika neno, akaandika kijiji, na penye nafasi ya msemaji akaandika: Eufemia Wierciuch, mke wa fundi wa majiko.

“Soma,” mama alisema, akiirudishia dieża kitambaa chake.

Akamsomea, mara mbili.