Msiba wa Mzee Ndovu

Nichekeni tu, najua mji wetu wote wa Koboko bado unanicheka, lakini msitegemee niombe radhi, maana mimi sikumuua mtu na wala hakuna aliyekufa.

Kosa langu lilikuwa Kiswahili kizuri. Mimi na mume wangu Rajabu tuliamua kwenda Kenya kupanda treni inayokatiza mbuga ya Tsavo, tukae dirishani tutazame wanyama, basi, hakuna kingine (huku kwetu mtu akisafiri ni harusi, biashara au maziko, nami nilikuwa nimechoka kusafiri kwenda kupika kwenye misiba). Tuko kituo cha mabasi Arua, shangazi yake Rajabu, Hajati Zuhura, akapiga simu kutoka Koboko: "Munaenda ona nani huko?" Badala ya kusema fil, neno la Kinubi alilolijua tangu utotoni, nikajitia msomi: "Tunaenda kumwona Ndovu, shangazi." "Ndovu iko mgonjwa?" Nikadhani ananitania, na basi linapiga honi, nikamjibu eeh, hoi kabisa, nikakata simu.

Njiani simu zetu zikaisha chaji, na kwa Hajati simu iliyozimwa ina maana moja tu.

Ndani ya treni Rajabu akachomeka yake, ikalia papo hapo, akaweka spika ili tusikie wote wawili, na behewa zima likasikia: wanawake wanalia, masufuria yanagongana, halafu Hajati, "Ndovu amekufa na nyinyi munanyamaza! Watu iko hapa tangu asubui, mbuzi nimechinja!" Mama wa kiti cha mbele akageuka akanishika mkono, "Pole mama, alikuwa baba yako?" Kabla sijajibu, mzee mmoja ameshavua kofia anasali, na abiria wameinamisha vichwa.

Hapo ndipo nikawaona. Kundi zima, wekundu kwa vumbi, karibu kabisa na reli, mtoto wao anakimbia kumfuata mama yake. Jamani, nimetoka West Nile kwa ajili ya dakika hiyo, halafu ninyamaze? Nikaruka, nikapiga kelele, "Ndovu! Ndovu yule! Mzima! Anatembea!" Mama yule akaniachia mkono. Mzee akakatiza sala. Na huko kwenye simu Hajati akaita, "Allahu akbar! Ndovu iko mzima!" vikafuata vigelegele.

Rajabu akasema polepole, "Shangazi, ndovu ni fil."

Vigelegele vikakatika.

"Fil? Mimi nimechinja mbuzi juu ya fil?"

Aibu ilinishika, sikatai, abiria walinicheka mpaka Mombasa, lakini mimi nilirudi dirishani kwangu nikaendelea kutazama, na kesho wakinicheka nitatazama tena.

Siku hizi wananiita mfiwa, nami naitika. Nimeapa kitu kimoja tu: safari ijayo nitaaga kwa Kinubi, niseme wazi hakuna mgonjwa, hakuna maiti, nakwenda kutazama. Tuliporudi, nilikwenda kwa Hajati nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akanipa kiti, akaniangalia weee, kisha akasema:

"Mwaka ujao, dirishani nakaa mimi. Ile fil nimeilia machozi, lazima niione."