Baba Yake Bahati Yumo Kwenye Simu

Saa nne asubuhi, ukungu umejaa uani kwa Mzee Danieli Shemweta, kijijini Mtae, hata banda la ng'ombe linaonekana nusu. Happiness Singano anashuka kwenye pikipiki akiwa amekumbatia mtungi wa mbegu, anatoa shikamoo, kisha anachomoa simu. Mtandao hakuna kabisa. Naye anatabasamu!

Happiness, mwenye miaka 34, ni mhamilishaji: hupandikiza ng'ombe mbegu za madume bora. Wafugaji wa milima hii humwita Dada Mbegu, naye huitika bila kinyongo. Leo mtungini ana mbegu za madume mawili, Jabali na Tajiri.

Bandani yupo Bahati, mtamba pekee wa Mzee Danieli, jike ambaye bado hajazaa, aliyeanza kuonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume, jana jioni. Joto hilo ni la saa chache. Likipita, ni kusubiri siku ishirini na moja nyingine.

Swali ni moja tu: baba yake Bahati ni nani? Akipewa mbegu ya baba yake mwenyewe, ndama anaweza kuzaliwa dhaifu. Mzee hakumbuki. Jibu limo kwenye orodha ya ng'ombe 140, ambayo Happiness huihifadhi mtandaoni tangu mvua ilipolowesha daftari lake likawa uji.

Wiki tatu zilizopita swali hilohilo lilimuumbua. Alifika hapahapa, akafungua faili, simu ikazunguka weee, mwisho ikagoma. Ikabidi amweleze mzee kwamba taarifa ziko kwenye wingu.

Mzee Danieli alitoka mlangoni, akautazama ukungu uliotanda mpaka jikoni.

"Kwenye wingu? Basi umefika, mwanangu," alimwambia. "Sisi ndimo tunamolala."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Happiness hakucheka. Hakutaka kubahatisha, akafunga mtungi na kuanza safari ndefu ya kurudi Lushoto mikono mitupu. Mzee alimwahidi kwamba Bahati akikosa mbegu tena, anakwenda mnadani.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kuudhi. Alishabonyeza sehemu ya kuliruhusu faili lifunguke bila mtandao, ila alibonyeza akiwa tayari juu ya pikipiki, na bando likakata kabla faili halijaingia kwenye simu.

"Nilidhani kubonyeza ndiyo kumaliza," anasema. "Siku hizi nikiwa bado Lushoto nazima data kwanza, halafu ndiyo nalifungua. Likigoma, siondoki stendi."

Leo analigusa faili na linafunguka papo hapo. Anashusha kidole taratibu, mzee akichungulia begani kwake.

"Baba yake ni Jabali, mzee," anasema. "Leo tunampa Tajiri."

Mzee Danieli anaiomba simu, anaigeuza nyuma na mbele, anauliza kama mtandao umerudi. Anaambiwa bado. Anaguna, kisha anacheka kwa sauti, na mwandishi wa makala haya anajikuta anapiga makofi katikati ya banda la ng'ombe. Raha iliyoje!

Baada ya dakika kumi kazi imekwisha. Happiness anaandika tarehe na jina la dume palepale, kwenye faili lilelile. Akishuka kwenye mtandao, maandishi yatapanda yenyewe.

Siku ya ishirini na tatu anampigia mwandishi simu, sauti iko juu. Mzee Danieli ametembea mpaka kwenye kona inayoshika mtandao ili amwambie neno moja tu: "Hajarudia." Bahati hajaonyesha joto tena. Kipimo cha mimba bado, lakini mnada umeshasahaulika.

Sasa Happiness anapanga kufikisha ng'ombe mia tatu, na kila mfugaji mwenye simu awe na ukurasa wa ng'ombe wake, unaofunguka hata zizini. Mstari wa ndama wa Bahati ameshauanza. Jina la mama lipo, la baba lipo. La ndama ameliacha wazi, maana mzee amesema hilo atalichagua yeye.