Chai Isiyopulizwa

Mtu wetu wa maabara hapa hospitali ya Wote hapulizi chai. Saa nne huiweka dirishani akaingoja ipoe yenyewe, mikono nyuma, vidole vikinuka spiriti hata Jumapili kanisani. Huongea polepole, kama anayesoma lebo. Zamani majibu ya damu yalichukua siku tatu. Sasa chupa ya damu ikishaota wadudu, yaani vijidudu vya ugonjwa, mashine mpya inawataja kwa jina chai hiyo ikiwa bado na joto. Kwa majibu hayo hapigi simu. Anayaleta kwa miguu.

Jumanne alikuja wodini akasimama kando yangu mimi muuguzi, mbele ya mtoto wa Kalekye, mwenye siku tisa, mwili ukichoma kwa homa. "Sista," akaninong'oneza ili mama asisikie, "mashine imetaja mdudu wa mdomoni, si wa homa hii. Ulipotoa damu, ulipulizia spiriti ikauke?" Nikaitikia kwa kichwa. Tunapuliza sote, ndivyo mama zetu walivyotupoza vidonda. Hakunikaripia. "Haya, tutoe damu ingine." Nikapangusa mkono ule mdogo kwa spiriti, naye akahesabu kwa vidole hadi thelathini, sote wawili tumefumba midomo kama watu wa maombi. Kesho yake alirudi na jina lingine, karibu akimbie. "Huyu sasa ndiye mwenyewe." Dawa ikabadilishwa asubuhi hiyo hiyo. Kufika Ijumaa mtoto alikuwa akinyonya kwa nguvu, hadi Kalekye akacheka kwa uchungu wa ziwa. Saa nne ilipofika, dirishani kulikuwa na vikombe viwili, chake na changu, vikitoa mvuke, na hakuna aliyevigusa.