Mrija wa Baba

Siku wazee walipotoka Nemba kuja kuniposa kwetu Mabawe, baba alikuwa na mwaka wa tatu haoni. Wageni hawakujua. Mama alimketisha mapema karibu na chungu cha pombe ya mtama, akamtia mrija mkononi na kumwambia asiuachie hata wakati wa sala. Hakuuachia. Waliposalimia aliitikia kwa kufuata sauti, na waliponyoosha mikono yeye alicheka tu na kurudi kunywa. Walikwenda zao wakisema mzee yule ni mlevi, lakini ukoo ni safi. Baba alifariki kabla ya harusi, siri ikazikwa naye.

Ulevi husamehewa. Upofu ni jambo jingine, maana kwetu watu hawaozeshani kabla ya kuulizana yaliyomo katika damu: kifafa, wazimu, macho. Kwa hiyo tangu usichana wangu nilifundishwa jibu moja tu. Hakuna.

Mwaka huu nilianza kugonga miimo ya milango kwa bega la kulia. Mume wangu alinitania kwamba sasa nimerithi pombe ya baba mkwe. Nilipomwaga chai mezani badala ya kikombeni, aliacha utani akanipeleka hospitali.

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Alinimulika kwa mashine yake. Akasema jicho la kulia lina presha kubwa, na kwamba ungaunga mweupe umetanda kwenye lenzi, kama ule unaobaki ukutani kwa msaga nafaka. Ndio unaoziba njia ya maji ya jicho. Ugonjwa huanza kula uoni wa pembeni, katikati pakabaki panaona, ndiyo maana mtu hujidanganya kuwa mzima.

"Mama, katika ukoo wenu yupo aliyepofuka?"

Mume wangu alikuwa ameketi hapohapo, kofia magotini.

"Hakuna," nikasema. Lilitoka lenyewe.

Akauliza tena kwa upole. Alieleza kwamba ugonjwa huu hufuata damu, ila si kwa namna moja kila mahali: chembe ya urithi inayowaponza watu wa nchi moja, kwingine huonekana zaidi kwa wale wasiougua. "Kwa watu wa huku vitabu havijanieleza vizuri," alisema. "Wewe ndiye kitabu changu, mama. Kama yupo, sitaki tusubiri, nakuandikia Mwanza ukapasuliwe."

Nikarudia hakuna. Nikapewa dawa ya matone na tarehe ya mbali.

Njiani nilijichukia. Nikisema, mume wangu atajua alidanganywa tangu siku ya kwanza, tena wakati binti yetu anaposwa na wageni wanakuja Jumamosi. Nisiposema, jicho linakwenda. Nilikuwa kuku aliyefungwa kamba mguuni, uwanja anauona wote lakini haendi popote.

Jumamosi walifika kutoka Nyamahanga: mshenga, wajomba wawili na babu wa kijana. Shikamoo, marahaba, chungu katikati, kila mzee na mrija wake. Swali la damu likaja. Mume wangu alijibu kwa kifua mbele.

"Upofu? Mama huyu kaulizwa na daktari mwenyewe, mbele yangu. Mara mbili. Hakuna."

Uongo wangu sasa ulikuwa umepata shahidi. Sikuwa na pa kutokea tena.

Wajomba nao wakasema kwao hakuna. Walipokuwa wakisema hivyo macho yangu yalimwangukia babu. Alikuwa ameukamata mrija kwa vidole vyote vitano, wala hakuwa anakunywa.

Wenzake walipotoka kwenda kutazama mbuzi, yeye alibaki kitini. Nilimletea nyama, nikainama, nikauongoza mkono wake mpaka ukagusa ukingo wa sahani, kama mama alivyokuwa akimfanyia baba.

"Umejuaje, mwanangu?" akanong'ona.

"Baba yangu aliushika mrija hivyohivyo siku ninaposwa," nikamwambia. "Alikuwa haoni."

Nilisikia nafuu, nafuu ya kweli, ya kwanza tangu hospitali. Kisha kiti kikalia karibu yangu, nikageuza kichwa. Mume wangu hakuwa ametoka na wageni. Muda wote huo alikuwa ameketi kuliani kwangu, upande ule nisiouona.