Zamu za Kompyuta Moja

Kwenye chuo chetu pale Eldoret, chumba cha kompyuta hakikuingiwa kwa viatu. Mwalimu wetu, ambaye sote tulimwita Madam, alituambia vumbi la mjini lingeua mashine, nasi tukaamini kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona kompyuta kabla ya hiyo. Mashine yenyewe ilikuwa moja, imeletwa na wafadhili wa kanisa, na imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Sisi tulikuwa kumi na wawili. Tulivua viatu kwenye saruji nje ya mlango, tukaingia kwa soksi, wenye soksi zilizotoboka wakikunja vidole wasionekane.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku mzee mmoja wa darasa letu. Nilianzia kwenye viatu vyake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Chama kilikuwa kimoja, na watu walizoea kutazama nyuma kabla ya kufungua mdomo. Muhula wetu wa kwanza, karatasi za kuisema vibaya serikali ziliokotwa sokoni. Wiki hiyohiyo wanaume wawili walikuja chuoni, wakaamuru kila taipureta ichapishwe herufi zote kuanzia A hadi Z, wakaondoka na sampuli ndani ya bahasha wakazilinganishe na zile karatasi. Tangu siku hiyo Madam alihesabu stensili za kurudufia karatasi asubuhi na jioni. Zile zilizokwisha kutumika zilichomwa nyuma ya choo, naye akasimama palepale mpaka ziwe jivu. Hakutuambia anaogopa nini, na sisi hatukumwuliza.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, msichana wa Cheptiret, na nilijiona mjanja kuliko wenzangu wote. Mama, aliyenilea kwa kuuza maziwa kando ya barabara, alinipa wosia mmoja nilipokuwa naondoka: mjini usimwamini mtu usiyejua kwao. Basi nikawa nadadisi. Kila mtu darasani nilimwuliza kwao ni wapi, baba yake anafanya kazi gani, na nani anamlipia karo. Nilifikiri huko ndiko kuwa macho.

Yule mzee alijiunga nasi wiki ya tatu, darasa likiwa tayari limeanza. "Mzee" tulimwita kwa heshima tu, alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alichechemea mguu wa kushoto na alikaa nyuma. Siku yake ya kwanza ya kompyuta aliinama kuvua viatu, nikaviona: buti nyeusi za serikali, soli nene, zimepigwa rangi mpaka zinang'aa. Zilikaa kwenye ule mstari wa viatu vyetu vya mitumba kama bwana mkubwa kwenye foleni ya maji. Nikajiambia, huyu si mwanafunzi.

"Mzee, wewe umetoka upande gani?" nilimwuliza siku hiyohiyo.

"Kaptagat. Mimi ni askari wa msitu. Mti iliniangukia hii mguu, sasa siwezi kuzunguka tena. Mkubwa amesema nikileta cheti ya kompyuta kabla mwaka iishe, atanifanya karani. Nikikosa, naenda nyumbani."

"Kwani huko msituni kuna kompyuta?"

"Wanasema italetwa."

Nilicheka mbele yake. Kompyuta msituni ya nini, ihesabu miti? Hata uongo wenyewe, nilijisemea, hakuupika ukaiva. Askari kanzu wa maana angetafuta hadithi bora zaidi. Lakini hilo nalo nililigeuza: labda ndiyo mbinu yao, kusema kitu cha kijinga ili usiwaogope.

Kila mwanafunzi alikuwa na nusu saa kwa wiki kwenye ile mashine, na orodha ya zamu ilibandikwa mlangoni. Kwa nusu saa hiyo ulitakiwa uiwashe, ungoje herufi za kijani zitokee kwenye kioo cheusi, uchape barua, uihifadhi kwenye diski na uitoe kwa printa. Ukikosea kidogo tu, saa imekwisha na mwenzako yuko mlangoni amekwisha vua viatu. Wengi tuliona hiyo nusu saa haitutoshi. Wengine walichoka wakawa hawaji.

Mzee alikuja kila siku, hata siku isiyo yake. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba, akatazama saa yake, akatoa kijidaftari kwenye mfuko wa shati, akaandika. Watu wakipita, anasalimia. Wakishapita, anaandika. Nilimchunguza wiki mbili nzima, na somo langu la kompyuta likaenda kombo kwa sababu macho yangu yalikuwa dirishani.

Siku moja Madam alimwita amsaidie kusogeza meza, naye akaacha kijidaftari juu ya benchi. Sikufikiri mara mbili. Nilikifungua. Kulikuwa na majina yetu, na mbele ya kila jina siku na saa. Jumanne saa nne, hayuko. Jumatano saa nane, hayuko, mara ya pili. Alhamisi, alitoka mapema. Nikatafuta jina langu nikalipata, na ile wiki niliyokwenda nyumbani mama akiwa mgonjwa.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Madam, nikafunga mlango. Nilimweleza habari ya buti na ya kijidaftari. Nilipoona hasemi kitu, nikaongeza la kwangu: kwamba nilimwona mjini akizungumza na wale wanaume wawili wa bahasha. Sikuwa nimemwona na mtu yeyote. Nilisema tu ili aniamini.

"Umemwambia nani mwingine?" Madam aliuliza.

"Hakuna."

"Basi nyamaza hivyohivyo."

Jumatatu Mzee alimkuta Madam akimngoja mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Alikuwa amekwisha vua buti zake. Madam alimwambia kwa sauti ya upole sana kwamba wafadhili wametoa sharti jipya, wanataka waliomaliza kidato cha nne peke yao, na yeye aliishia darasa la saba. Mzee alitazama orodha ya zamu. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari kwa rula.

"Madam, mimi nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Mzee. Ni sharti tu."

Alikaa kwenye benchi kuvaa buti, na kwa sababu ya ule mguu ilimchukua muda mrefu. Mimi nilisimama hapo hapo nikimtazama na nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, na nilifurahi zaidi Madam aliponipa mimi ile nusu saa ya Mzee. Kwa saa nzima ya kila wiki nilijua mashine ile kuliko wote, na mwisho wa mwaka nilipata cheti kizuri na kazi katika ofisi ya wakili.

Ilipita miaka miwili. Jumamosi moja nilikwenda kumwona mama, nikashuka Cheptiret, na kati ya wauza viazi kando ya barabara nikamwona Mzee. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza, akanyanyuka kwenye kigoda kunisalimia. Nilimwuliza kazi ya msitu. Akasema walimrudisha nyumbani mwaka ulipoisha, kama walivyoahidi.

Sikuweza kujizuia. "Mzee, ile daftari yako ndogo, ulikuwa unaandika nini?"

"Kumbe uliiona?" Alicheka. "Nilikuwa naandika wale hawajakuja. Nilitaka nimwombe Madam anipatie zile dakika zao, juu hii vidole yangu imezoea panga, nusu saa haiwezi. Sasa niliona si vizuri kumsumbua kila siku. Nikasema wacha ijae kidogo, niombe mara moja."

Kati yetu sote kumi na wawili, ni mtu mmoja tu aliyewahi kupeleka jina la mwenzake ofisini.

"Lakini wewe wenzako walikuogopa!" aliendelea, bado anacheka. "Ulikuwa unauliza uliza sana. Wakaniambia, Mzee, chunga mdomo, huyo msichana ni askari kanzu. Mimi nikakataa. Nikawaambia wacheni mtoto wa watu, huyo amekuja kusoma."

Maneno yalikuwa tayari, ni mimi Mzee, ni mimi niliyesema, nami nikafungua mdomo nikamwuliza bei ya viazi.

Akainama kwenye gunia, akawa ananichagulia vile vikubwa.