Shaba Isiyoshika Kutu

Nasema mapema: mimi ni mwanamke mzima, nafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na napenda vitabu vya katuni kuliko ninavyowapenda baadhi ya jamaa zangu. Anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee.

Shujaa wangu ana ngozi ya shaba. Vitabuni, akinyeshewa mvua anashika kutu ya kijani, viungo vinakaza, na inambidi ajisugue kwa limau kama sufuria. Hapo ndipo aliponipata. Mashujaa wengine hawana hata upele. Huyu wangu anaogopa mawingu. Filamu ya kwanza iliheshimu jambo hilo, nami nikaitetea kwa kila aliyenisikiliza na asiyetaka kunisikiliza. Iliposemwa kwamba sehemu ya pili itatokana na kitabu cha nne, nilitembea nikiringa utadhani nimeiongoza mimi.

Kitabu cha nne kinakuja kwetu. Shujaa anateremka kwenye mgodi wa Katanga kutafuta ilikotoka shaba yake, mwamba unaporomoka, unyevu unamkamata, na wachimbaji ndio wanaomwokoa. Wanashikana mmoja nyuma ya mwenzake, wanamvuta kama gunia la mahindi. Niliwahi kumsomea baba ukurasa huo. Baba alifanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi mpaka mapafu yakakataa, na vitabu vyangu huviita "bintu ya batoto", vitu vya watoto. Siku ile hakuviita chochote. Aliuliza tu kama aliyechora aliwahi kushuka shimoni.

Ndiyo maana nilimwalika twende kuitazama hiyo sehemu ya pili. Sikuwa namtafutia burudani. Nilitaka, walau mara moja, kitu ninachokipenda mimi na kitu alichokiishi yeye vikutane kwenye pazia moja, akione kwa macho yake, aache kunihurumia.

"Kweli batu ba mu shimo njo banamutosha?" aliniuliza mlangoni, akitaka hakika kwamba wachimbaji ndio waliomtoa shujaa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia.

"Njo bo, Papa. Utaona."

Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki vikalia, jenereta likanguruma nyuma ya ukuta, na filamu ikaanza kututukana.

Katanga yao ina simba. Simba huyo nadhani alikuwa na mkataba mzuri, maana alipita hata pale ambapo hakuna aliyemhitaji. Wachimbaji wao wako pekupeku, na wanazungumza lugha ambayo jirani yangu wa kushoto, Mluba, alidhani ni Kibemba, na wa kulia, Mbemba, akasema labda ni Kiluba. Kisha mvua ikanyesha, mvua kubwa, na shujaa akasimama katikati yake aking'aa kama birika jipya dukani. Hata doa la kijani hana. Nimefundisha jambo hili kwa wanafunzi wanaosinzia, na wameelewa. Watu walilipwa kulikosea. Niliguna kwa sauti mpaka mtu wa mbele akageuka. Muziki nao ukazidi kupiga kelele, lakini la kuvunda halina ubani.

Mwamba ulipoporomoka niliushika mkono wa baba. Sasa, nikajisemea, sasa watashikana. Hawakushikana. Walilia. Shujaa akamnyakua mwanasayansi mmoja wa kike, mwenye nywele zisizojua vumbi, akatoboa paa na kuruka naye hadi juu, wakabusiana penye jua. Wachimbaji tuliwaona kwa mara ya mwisho wakitazama lile tundu la mwanga, udongo ukiliziba. Busu liliendelea. Ikaandikwa mwisho.

Sisi mashabiki hatuinuki majina yanapoanza kupita, kwa sababu daima kuna kipande kidogo kinachofichwa nyuma yake. Watu walimwagika nje wakicheka. Baba hakusogea. Katikati ya hasira zangu nikapata furaha ya kijinga: mzee amekuwa mmoja wetu. Kipande kikaja, shujaa analamba aiskrimu, na tangazo kwamba sehemu ya tatu itakuwa baharini. Taa zikawashwa. Baba bado amekaa.

"Papa, inaisha."

"Na bale ba mu shimo?"

"Bale nani?"

"Bale batu. Banabatosha wakati gani? Miye sikuona."

Nilimwambia hatukuonyeshwa wakitolewa.

"Kwetu Kipushi, ekipe yote inapanda, njo tunarudia ku nyumba," alisema, bila kulalamika, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba: kikosi kizima kipande kwanza, nyumbani baadaye. "Batabatosha mu ya tatu?"

Nilikuwa na hotuba tayari. Niliipanga tangu ile mvua, ilihusu rangi ya shaba, na ilikuwa kali kweli. Niliiacha. Niliona uchungu, na haukuwa tena uchungu wa shabiki.

"Hapana, Papa. Ya tatu iko ku bahari."

Alilitazama lile pazia jeupe. Kisha akainuka polepole, akavua kofia, akaishika kifuani, kama wachimbaji wa Kipushi walivyokuwa wakisimama mdomoni mwa shimo kwa wenzao ambao hawakupanda. Mwenye ukumbi, aliyekuwa anapandanisha viti, aliacha. Nikasimama na baba.