Mwenye Shimo Hajarudi

Sukari ikianza kuungua chini ya sufuria hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, inakuita jikoni kutoka popote ulipo. Ya pili ni kali, inakuambia umechelewa. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na ndimo viazi vya Krismasi vya nyumbani kwetu vilimoivia. Mimi ni mtu nisiyetulia, sijawahi kutulia, hata sasa ninapoandika haya nimeshanyanyuka kuchungulia dirishani bila sababu yoyote ya maana, lakini harufu hiyo ya kwanza ikinifikia nasimama palepale. Inanirudisha kwenye nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, kando ya shamba la kahawa, juu kidogo ukitoka Mlowo, mwaka ule ambao mama mdogo aliletwa kwetu na mimi nikawa silali vizuri kwa kuwaza kama ataondoka.

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo simkumbuki hata sauti. Ninachokumbuka mimi ni watu kuondoka. Bibi alitoka Ileje akaja kunilea, akaugua, akarudi kwao. Binamu yake baba akaja, akaolewa. Akaja dada mmoja wa kusaidia kazi, akanisuka nywele vizuri kuliko wote, na nilipoanza tu kumzoea akafunga mzigo wake. Sasa baba alikuwa na kawaida ya kwenda Tunduma kuuza mahindi, na mwaka ule mahindi yakaisha ghalani lakini safari hazikuisha. Hata mtoto wa darasa la tatu aliweza kung'amua. Baada ya Pasaka akarudi na mwanamke mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, Mnamwanga wa upande wa pili wa mpaka, kwao Nakonde, ambaye alikuwa akiuza maharage sokoni Tunduma na Kiswahili chake kilichanganyika na Kibemba cha biashara. Ukimwita alikuitikia “mukwai,” kwa heshima, hata kama anayemwita ni mtoto mwenye makamasi. Baba akaniambia nimwite mama mdogo. Nikamwita. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye begi lake. Lilikuwa la bluu, zipu imekufa, amelifunga kwa kipande cha khanga, na nguo zake hakuzipanga kabatini. Alizitoa begini asubuhi, akazifua, akazikunja, akazirudisha begini. Kila siku kabla ya kwenda shule niliinama kuchungulia uvunguni kama begi bado lipo. Majirani walininong'oneza kwamba mama wa kambo si mama, wakidhani hilo ndilo linalonikosesha raha. Wangejua. Mimi nilitaka tu akae.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mdogo hakungoja kupewa. Mwezi wa saba, tulipokuwa tunachimba viazi vitamu, alichagua vile visivyo na jeraha, vyenye ngozi nyekundu, akaviacha juani kidogo, kisha akaenda nyuma ya nyumba palipoinuka na kuanza kuchimba shimo. Baba akacheka, akamuuliza anamzika nani. Akajibu kwamba anazika Krismasi. Alitandaza nyasi kavu chini na pembeni, akanyunyiza majivu, akapanga viazi taratibu kama anayelaza vichanga, akaweka majivu tena na nyasi tena, akafukia, halafu akajenga kipaa kidogo cha nyasi juu yake. Akanieleza kwamba kwao wali wa Krismasi haukamiliki bila viazi vya sukari pembeni, na kwa kuwa Desemba shambani hakuna kiazi, kuna marando tu na matope, lazima uiwahi Desemba tangu Julai. Nilimsikiliza. Nilihesabu kwa akili yangu ya kitoto: mtu hawezi kuzika chakula mahali asipotarajia kukila. Ina maana atakuwepo mpaka Krismasi. Siku ile sikuchungulia uvunguni.

Lakini kutulia kwangu hakukudumu. Nikahamisha wasiwasi kutoka kwenye begi na kuupeleka kwenye shimo. Nikitoka shule napita kwanza huko nyuma, naweka sikio juu ya udongo, nanusa, nabonyeza kwa kidole. Je, kama yameingia maji? Je, kama panya wamechimba kwa chini? Je, kama vimeoza vyote, yeye atabakia kwa ajili ya nini? Nilimsumbua afungue tuone kidogo tu, akakataa katakata. “Shimo ukilifungua linapumua, na likishapumua linaoza,” alisema. Halafu akanitania: “Viazi havina miguu, binti yangu. Mwenye miguu ni wewe, nenda kachote maji.” Alisema binti yangu kwa wepesi, bila kujua kwamba neno lile nilikwenda nalo kisimani na kurudi nalo. Subira yavuta heri, ndivyo tulivyofundishwa, ila hakuna aliyetufundisha mtu ashike wapi wakati anasubiri.

Desemba ilipofika akaja shangazi kutoka Igamba, dada mkubwa wa baba, mama mzito wa umbo na wa maneno. Sikukuu zote za ukoo zilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyesema mbuzi achinjwe lini, nani apike wali, nani aoshe vyombo. Aliposikia habari ya viazi alishika kiuno. Kiazi, alisema, ni kitafunwa cha chai, ni cha watoto kubeba shambani. Kukiweka mezani siku ya Krismasi ni kuwatangazia watu wa kanisani kwamba mwaka huu kwa kaka yake kuna njaa. Mama mdogo alimjibu kwa adabu kwamba vikipikwa ataona mwenyewe. Jioni, tukiwa jikoni wote, shangazi akaanza kuongea na baba kwa Kinyiha, kwamba huyu ni mtu wa mpakani, na mpakani ni mahali pa kupita, hakuna anayekaa. Alisahau kwamba Kinyiha na Kinamwanga ni ndugu, na anayekijua kimoja hakosi kuokota maneno ya kingine. Nilikuwa nimekaa karibu na mafiga, nikaona mikono ya mama mdogo imesimama juu ya ungo wa mchele. Kisha ikaendelea kupepeta. Baba alikuwa anatazama moto. Nilimchukia kidogo baba siku hiyo, kwa ule ukimya wake.

Asubuhi yake mama mdogo alisema anakwenda Tunduma kufuata sukari. Sukari ilikuwepo Mlowo, dukani, kwa umbali wa kutembea. Nilipotoka kuchota maji hakuwepo tena, na nilipoinama uvunguni kulikuwa na vumbi na alama ya mraba pale begi lilipokuwa limekaa. Sikulia. Nilizunguka. Nilizunguka nyumba, nikazunguka zizi, nikaenda mpaka barabara kuu kutazama magari yanayotoka Tunduma, malori ya mizigo yakipita yananguruma na mabasi madogo yakishusha watu ambao si yeye. Miaka hiyo simu ilikuwa ya wachache, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Jioni ikafika, akawa hajarudi. Siku iliyofuata vilevile. Shangazi hakupiga kelele, alisema tu, “Si nilisema?” kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa sahihi. Chakula kilinishinda. Kila gari lililopunguza mwendo kule chini lilininyanyua mkekani.

Siku ya tatu wingu likashuka. Sisi wa Mbozi tunaijua mvua ya Desemba, haiombi njia. Shangazi akatoka na jembe, akasema tukafukue viazi kabla havijaoza, tuvichemshe tule na chai, maana aliyevizika ameshakwenda kwao. Nilikimbia nikafika kabla yake nikakaa juu ya shimo, matako kwenye udongo, mikono imeshika nyasi za kipaa. Alinibembeleza, kisha akanigombeza, kisha akanivuta mkono. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Ndipo baba akatoka ndani akiwa amebeba turubai la kuanikia kahawa begani. Akalitandaza juu ya kipaa, mimi nikiwa humohumo chini yake, akaweka mawe pembeni, akamnyang'anya dada yake jembe na kuanza kuchimba mfereji wa kugeuza maji. Shangazi alimwambia anajisumbua. Baba hakuinua uso. “Mwenye shimo hajarudi,” alisema. “Akirudi atalifungua mwenyewe.” Hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo, na aliyasema akiwa amelowa mpaka mifupani. Chini ya turubai nililia sasa, kwa sauti, maana mvua ilikuwa na kelele na hakuna aliyeweza kunisikia.

Alirudi mkesha wa Krismasi mchana, matope mpaka magotini, begi kichwani, ndani yake sukari na sufuria nzito ya mama yake yenye masizi ya miaka mingi. Akasema alikuwa ameifuata sufuria hiyo, kwamba viazi vya sukari havikubali sufuria nyepesi. Baba akampokea begi. Hakuna aliyemuuliza zaidi, nami sikuthubutu kufungua mdomo nisije nikamfukuza. Tukaenda shimoni. Alipofukua, harufu ya uozo ikapanda na shangazi akafunika pua kwa khanga. Upande mmoja maji yalikuwa yameingia kabla baba hajachimba mfereji, na viazi vya pale vilikuwa uji mweusi. “Waliosema akiba haiozi hawakuliona shimo hili,” alisema shangazi. Mama mdogo akaendelea kupeleka mkono ndani, taratibu, mpaka akafika kwenye majivu makavu, na kutoka humo akatoa kiazi kimoja kizima, kisha kingine. Vilijaa beseni dogo. Nilikuwa nahema kama mtu aliyepanda mlima.

Alivichemsha nusu tu, akavimenya, akavikata vipande vinene. Katika ile sufuria aliweka sukari na maji kidogo, ndimu, chumvi ya kubana kwa vidole na kijiko cha samli, akapanga viazi, akapunguza kuni. Mwiko ulikuwa haramu. Kazi ilikuwa kutikisa sufuria na kunusa, na kazi ya kunusa akanipa mimi, pengine ili nikae sehemu moja. Niliinama pale macho yananichoma, nikingoja ile harufu ya kwanza, nikiiogopa ya pili, na nilipomwambia sasa, aliipua bila kusita. Vilikuwa na rangi ya chai ya rangi, vinang'aa, na utamu wake haukuwa wa sukari peke yake, kwa sababu kiazi kilichokaa ardhini muda mrefu hujitia utamu chenyewe. Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani, shangazi alichukua kipande kimoja kwa ncha ya uma. Akatafuna. Akasema sukari imezidi. Akachukua cha pili, na cha tatu akanipokonya mimi kwenye sahani yangu. Alipokuwa anaaga kurudi Igamba alimgeukia mama mdogo na kumwambia, “Mwakani chimba shimo kubwa, tuko wengi.” Mama mdogo akaitikia, “Ndiyo, mukwai.” Wiki hiyo nguo zake ziliingia kabatini.

Sasa hivi naishi Tunduma, nina duka la vipuri vya pikipiki, na malori yanakesha yakinguruma nje ya dirisha langu. Viazi havikosekani sokoni hata Desemba, friji ninayo, na binti yangu ameshanionyesha kwenye simu watu wa mbali wakipika viazi vya sukari kwenye oveni kwa muda mfupi kuliko wa kusuka kichwa. Ni vitamu, sikatai. Lakini hakuna aliyevisubiri. Hakuna kilichozikwa popote kwa ajili ya mtu yeyote. Baba alifariki mwaka juzi, na mama, ambaye siku nyingi sana sijamwita mdogo, hakujaliwa kuzaa naye. Baada ya matanga ndugu zake wa Nakonde walikuja wakakaa sebuleni, wakasema kwa upole kwamba dada yao amebaki peke yake, arudi kwao. Alijibu kwamba atafikiri. Mimi nikarudi kule kule kwa darasa la tatu. Nilikuwa nampigia simu asubuhi na jioni kumuuliza habari za kuku, kwa kuogopa kuuliza ninachotaka kujua.

Mwezi wa saba nikapanda gari bila kumtaarifu. Nilifika nyumba iko wazi, kimya, nikaingia moja kwa moja chumbani kwake, mwanamke mzima na magoti yanayouma, nikainama kuchungulia uvunguni. Begi la bluu halikuwepo. Nilitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba. Alikuwa pale palipoinuka, amepinda mgongo juu ya jembe, ndoo ya majivu kando yake, na begi limelala wazi limejaa nyasi kavu. Akaniangalia nilivyohema, akaelewa. Akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba ile safari ya zamani hakufuata sukari wala sufuria. Alikuwa ameondoka. Alikaa kwa mama yake akiapa harudi, mpaka siku ya tatu alipoona wingu jeusi limelala upande huu wa Mbozi. “Nikasema, yule mtoto peke yake hawezi kulifunika.” Alicheka kile kicheko chake cha ghafla. Nilishindwa kucheka naye. Nikamuuliza, mimi na umri wangu huu, kama Krismasi atakuwepo.

“Sasa haya majivu ninamwagia nani?” alisema, akanisukumia jembe. Nikavua viatu vya mjini, nikaingia shimoni.